Kanga ya Dirishani

Saa kumi na mbili jioni umeme ulikatika, na hita iliyompasha joto mtoto wa Sekela ikazimika. Nje mvua ilikuwa inatwanga bati tangu mchana, mara kwa mara ikishuka na mawe.

Mama mkwe aliingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha, kisha akaziba ufa wake kwa kanga. Tangu Sekela ajifungue, mlango ukifunguka kidogo tu aligomba: mzazi hapigwi na upepo.

"Mama, moshi hautamdhuru mtoto?"

"Moshi uko wapi? Mkaa umeshakolea. Mumeo nilimlea hivihivi, leo hapiti mlangoni bila kuinama. Au wewe umezaa jiwe, halisikii baridi?"

Sekela alicheka, akamfunika mtoto.

Baadaye kichwa kilianza kumgonga. Mtoto, aliyekuwa analia tangu hita izimike, aliacha kulia, na wote wawili wakashukuru. Mama mkwe akaegemea ukuta chini ya dirisha, akasema usingizi umemzidi.

Sekela alipompa mtoto titi, hakulishika. Alimtikisa, alikuwa amelegea. Akamkumbatia, akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Alitambaa hadi dirishani, akaing'oa kanga, akasukuma dirisha kwa kiwiko. Upepo uliingia na mawe yake. Mtoto akakohoa, kisha akalia kwa nguvu.

Sekela alisubiri kugombezwa.

"Mama, nimefungua dirisha."

Punje za barafu zilikuwa zinamwangukia mama mkwe mapajani, naye hakuzipangusa.