Mizizi ya Maua ya Kiko

Nanyori alikuwa ameshainua kikombe mdomoni, bibi mganga alipouona udongo mwekundu kwenye kucha zake.

"Ngoja, mwanangu. Usinywe kwanza."

Nanyori alikuwa ametoka Mkata kwa bodaboda kuja Kwamsisi, tumbo likimsokota wiki ya pili sasa. Bibi alimchemshia mizizi ya mmea unaotambaa juu ya uzio wake, wenye maua yaliyopinda kama kiko na kunuka kama nyama iliyooza. Kwa maumivu ya tumbo, dawa hiyo alikuwa akiiamini kuliko zote.

Sasa aliutazama ukuta wa udongo, pembeni ya mkeka alipokaa Nanyori. Palikuwa na kishimo kipya.

"Unakula ukuta wangu?"

Nanyori alijifunika uso kwa shuka. "Nisamehe, bibi. Nikiisikia tu harufu yake, nashindwa kujizuia."

"Siku zako umeziona lini?"

Nanyori alifikiri, akatikisa kichwa. "Siku hizi sihesabu. Miaka saba nimeolewa. Mimi sizai, bibi, boma zima linajua."

Bibi alimpokonya kikombe, akatoka nacho mlangoni na kuimwaga dawa yote mchangani.

"Hii hapewi mwenye mimba," alisema. "Inaitoa. Inuka, twende zahanati wakakupime."

Nanyori hakuinuka. Alikuwa amelishika tumbo lake kwa mikono yote miwili, akiogopa hata kuvuta pumzi.