Namba Sitini na Tatu

"Sitini na tatu hajafika," alisema mkaguzi, kidole kwenye skrini. Nukta tisini na tisa zilikuwa za njano. Moja ilikuwa nyekundu.

Fundi, ambaye kila mtu alimwita Waya, alijifuta jasho kwa mkono wa shati. Alikuwa na asubuhi hiyo moja tu. Mkaguzi akiridhika, mfumo wake wa kutazama matokeo ya mitihani ungechukuliwa na shule zote. Asiporidhika, mke wa Waya alishamwambia: anarudi kutengeneza pasi kwa kaka yake.

Sharti lilikuwa wazi. Siku ya matokeo wazazi hubonyeza wote kwa pamoja, na mfumo wa zamani ulizimika hapo hapo. Kwa hiyo watumiaji bandia mia moja waingie, wasubiri mlangoni mpaka wa mwisho afike, halafu wabonyeze wote sekunde ile ile.

"Amekosea nywila," alisema Waya. "Mara ya tatu hii."

"Mtumiaji bandia anakosea nywila?"

"Programu yetu inaiga binadamu, mzee. Kuna wasahaulifu, kuna wazito wa vidole."

Mkaguzi alicheka, akavuta kiti karibu. "Na huyu wa kumi na mbili? Ameshabonyeza!"

"Kiherehere huyo! Yuko hivyo tangu... tangu toleo la kwanza. Ngoja nikamrudishe mlangoni."

Alichomoka mpaka ghala la nyuma, akafunga mlango. Ukuta wa mbao ulikuwa ukivuma kama mzinga wa nyuki. Ukanyamaza kidogo, kisha ukaanza tena.

"Mtambo wenu una kelele," alisema mkaguzi, Waya aliporudi. "Nikautazame?"

"Usijitese, mzee. Mle ndani kuna joto la tanuri."

Kumi na mbili alikuwa amerudi kwenye njano. Sitini na tatu naye akapata nywila, akakuza maandishi mara nne, akafika mlangoni.

Mkaguzi alijipiga paja. "Hata macho mabovu mmemwekea!"

Mia moja kamili. Waya alipanda juu ya kiti, akajaza kifua.

"Tatu! Mbili! Moja! Bonyezaaa!"

"We, mbona unapiga kelele? Mashine ina masikio?"

"Furaha tu, mzee!"

Skrini nzima iligeuka kijani kwa mpigo mmoja. Hakuna aliyeachwa, hakuna kilichozimika. Mkaguzi, mtu mzima mwenye kitambi na tai, alimshusha Waya kitini, wakaanza kuzunguka meza wameshikana mikono kama watoto.

"Miaka ishirini nakagua," alisema akihema, "sijaona watu bandia wenye utu kama hawa! Kesho nakuja na mkurugenzi, tusaini mbele yake. Ila waongeze, wawe mia mbili. Si ni kubadili namba tu?"

"Namba tu, mzee."

Waya alimsindikiza mpaka kwenye gari, akampungia mpaka lilipokata kona. Kisha akarudi mbio, akafungua mlango wa ghala lililojaa watu na simu zao, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mama mkwe," alisema, "wale ndugu mliosusiana nao kwenye harusi yetu, wana simu?"