Kengele ya Stesheni

Stesheni ilikarabatiwa ikawa makumbusho. Mzee Kadzomba, aliyekuwa mpiga kengele wake miaka thelathini, alikikodolea macho kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni. Kilipakwa rangi ya dhahabu na kuwekewa kibao: "Pambo la kale. Usiguse."

"Pambo?" akafoka. "Hii ndiyo kengele yenyewe!"

"Babu, nimeshasema usiguse," akasema binti mlinzi, mara ya nne sasa.

"Hebu niondokee!" Akaokota nondo iliyosahauliwa na mafundi, akagonga mara tatu, ishara ya zamani kwamba treni inaingia. Rangi ikabanduka.

Sokoni, ng'ambo ya barabara, akina mama wakongwe wakajitwika ndizi zao, wakaja mbio hadi ukingoni mwa jukwaa, wakageukia kule ambako reli ziling'olewa zamani.