Breki za Ruben

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026. Upepo wa moto ulianza Lodwar kabla ya jua kuchomoza, na maduka yalipofunguliwa vumbi lilikuwa limeshafuta rangi ya vibao vyote.

Caritas alichuchumaa kando ya gari la Ruben, kiganja chake juu ya tairi ya mbele. Tairi ilimfikia usoni.

"Wee! Hizi ni za gari ama za tingatinga?" Mureithi, mwenye duka la vipuri, alitoka nje amekumbatia maboksi matatu. "Kijana, unataka kufika mbinguni bila ngazi?"

Ruben hakucheka. Alikuwa kijana mwembamba, dereva, na tangu watoke Kakuma alfajiri hakuwa amemtazama Caritas usoni hata mara moja.

"Ni za mchanga," alisema. "Laga za kule Nakalale, ile mito mikavu, zinameza tairi ndogo. Jumatatu kuna wamama wajawazito wa kuleta hospitali."

"Sawa. Na breki ni zile zile gari ilikuja nazo?"

Ruben aliitikia kwa kichwa.

"Hapo ndipo mnakosea. Tairi kubwa ni mzigo. Wewe umekanyaga breki, yeye bado anataka kwenda." Mureithi alipanga pedi tatu za breki juu ya meza. "Hii ni laini. Inashika vizuri ikiwa baridi, ikipata joto inateleza. Hii haina kelele, watu wa Nairobi wanaipenda. Hii ina chuma ndani. Itapiga kelele, itakula diski, lakini hata ikichemka inashika."

"Kelele si kitu," Caritas alisema. "Na gari ikiwa imejaa watu? Na mtu akitokea ghafla mbele?"

"Mama, breki ya miujiza sina. Chukua ya chuma, na diski ubadilishe pia. Ona hii, imechimbika kama mfereji."

Caritas alipitisha kidole ndani ya ule mfereji. Midomo yake ilicheza bila sauti. Ruben alijua anasali, akageukia barabara.

"Funga hizo," Caritas alisema. "Na diski mpya."

Ruben alilipa. Mureithi akamkonyeza. "Mtoto analipa, mama anachagua! Wamama wengine wangechagua leso."

Ruben aliikunja risiti, akaitia mfukoni.

Fundi wa duka alipokuwa akizifunga, Caritas hakutulia. Alikaa, akasimama, akalizunguka gari, akakaa tena. Ruhusa yake ya kutoka kambi ya wakimbizi ilikuwa ya siku hiyo tu, na jioni alingojewa kanisani. Wazee wa kanisa walikuwa wamesema wazi: gari halitarudi kazini mpaka Caritas mwenyewe alikague, kisha asimame mbele ya watu aseme. Akisema hapana, litauzwa vipande vipande.

"Na ukisema hapana?" Ruben aliuliza walipokuwa njiani kurudi.

"Nitakuwa nimesema hapana."

"Na wale wamama wa Nakalale?"

"Ndiyo maana sikulala juzi na jana. Punguza mwendo. Fundi amesema pedi mpya zizoeshwe kwanza."

Ruben aliongeza mwendo, akapunguza, akaongeza, akapunguza, mpaka harufu ya chuma cha moto ikaingia ndani. Kabla ya kufika Kakuma Caritas alimwambia aache lami na kuingia njia ya vumbi. Hapakuwa na mtu wala mbuzi. Alishuka, akaweka mtungi wa maji katikati ya njia, akasimama pembeni.

"Kimbiza. Ukifika kwenye ile michongoma, kanyaga."

Gari lilikuja. Lilisimama mbali sana na mtungi.

"Umekanyaga mapema!" Caritas alipaza sauti kuushinda upepo. "Huo ni woga, si breki. Rudia!"

Mara ya pili Ruben alikanyaga penye michongoma. Breki zilipiga yowe. Gari lilisimama papo hapo, na mtungi ulikuwa bado mbele yake, kiasi cha mtu kupita kati na punda wake. Vumbi lilipotulia, Ruben alikuwa amelaza paji la uso kwenye usukani.

Caritas alikwenda dirishani.

"Ile siku ulikanyaga hivi?"

"Mpaka mwisho, mama. Ilikataa. Naapa..."

"Usiape." Alingoja mpaka mabega ya kijana yaache kutikisika. Kisha akasema, "Tena."

Walirudia mpaka maji ya mtungi yakawa ya moto kwa jua.

Kanisani mabenchi yalikuwa yamejaa, na wengine walisimama madirishani. Wimbo ulikatika walipoingia. Ruben alibaki mlangoni, kofia mkononi. Mchungaji Nestor alimpisha Caritas mbele.

"Mama, umeliona gari?"

"Nimeliona."

"Linasimama?"

"Linasimama."

"Basi sema neno lako. Wote tulio hapa ni mashahidi."

Caritas aligeukia mabenchi, na watoto wakaacha kuchezacheza. Alikuwa akimtazama mwanamke mmoja aliyeketi benchi la mbele, leso mdomoni. Kisha akainua mkono wa kulia.

"Ruben aendeshe," alisema. "Na mimi, Caritas, mama yake Elyse aliyekufa chini ya gari hili, naahidi mbele ya Mungu, na mbele yako Sylviane uliyemzaa Ruben: sitadai damu ya mtoto wangu kwa mtoto wako."