Jogoo Aliyejisugua Shingo

Katika banda moja aliishi Kishingo, tetea aliyeanguliwa bila unyoya hata mmoja shingoni. Jogoo, aliyependa urembo kuliko punje, hakutaka kudonoa karibu naye. "Nani amekunyonyoa kabla hujachinjwa?" alimuuliza, na banda zima likacheka.

Mwaka huo likawaka jua kali ajabu. Kuku wenye manyoya mengi wakahema midomo wazi, wakaacha kutaga, na watatu wakafa. Kishingo, shingo yake ikipigwa na upepo, aliendelea kutaga kama kawaida.

Jogoo akaenda nyuma ya banda, akajisugua shingo kwenye seng'enge mpaka ikabaki nyekundu tupu. Kisha akaja kuposa. "Bibiye, tazama tulivyofanana! Watoto wetu wote watakuwa hivi hivi."

Kishingo akacheka kimoyomoyo, akakubali. Vifaranga walipokua, nusu walikuwa na shingo tupu, nusu wamefunikwa manyoya mpaka chini ya mdomo.

"Hawa wa manyoya si wangu!" Jogoo akafoka. "Wafukuze!"

"Hao ndio wako hasa," Kishingo akamjibu. "Mtoto hurithi ulichozaliwa nacho, si ulichojisugua. Nao watabaki, maana hatujui kesho ni jua au baridi."

Kipupwe kikaingia kwa ukali. Wenye shingo tupu wakajibanza chini ya mbawa za ndugu zao, wote wakapona. Jogoo naye akaja akitetemeka, akaomba nafasi kwa wale aliotaka wafukuzwe.

Wakampa, ila upande wa mlangoni.