Kisahani Kisichotiwa Dawa

Vijidudu vilikuwa vimekufa tena, na tena ni vile vile ambavyo havikutiwa dawa yoyote.

Shangazi, kama wenzake maabarani walivyomwita, aliinua jicho kutoka kwenye hadubini akamtazama Pilipili. Kabati la joto la kukuzia vijidudu walilitumia wawili tu, yeye na huyu mwanamume mwenye ulimi wa wembe.

"Umetia nini humu?"

"Mimi?" Pilipili hakujisumbua hata kugeuka. "Shangazi, wewe kila unachokilea kinakufa. Usinisingizie."

Hakuna asiyejua kwamba Shangazi alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili mwaka huo, na kwamba ni mumewe tu aliyekuwa akimbembeleza, akimwambia Mungu atawapa. Shangazi alimwomba huyo Mungu amzuie ulimi, kisha akaenda kushtaki kwa mkuu wa maabara.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Kijidudu cha malaria hakiwezi kuzaana bila folati, vitamini ile ile ambayo mtoto hakui tumboni bila hiyo. Akipata pa kuikata njia ya folati ndani ya kijidudu bila kumdhuru mgonjwa, dawa mpya imepatikana. Lakini lazima kisahani kimoja kibaki bila dawa, vijidudu vyake viwe hai, apate kulinganisha. Hicho ndicho kilichokuwa kikimfia. Wafadhili walikuwa wamechoka; kikifa mara nyingine, utafiti unafungwa.

Mkuu wa maabara, mama mtu mzima asiyependa kelele, aliwasikiliza wote wawili. Shangazi alisema hawezi kufanya kazi na mchawi. Pilipili akajibu kwamba mchawi hana haja ya kuhangaika na mtu anayejiroga mwenyewe kwa uzembe. Mkuu akawanyamazisha. Alibadilisha kufuli la kabati, ufunguo akautia mfukoni mwake.

Vijidudu hivyo hulishwa damu ya binadamu, na Shangazi alikuwa akitoa yake mwenyewe ili asiisumbue benki ya damu. Pilipili, kwa uchungu wa kusingiziwa, alikunja mkono wa shati.

"Chukueni na yangu. Tuone nani mwongo."

Visahani viwili visivyo na dawa vikawekwa ubavu kwa ubavu kabatini. Kabati lilipofunguliwa siku chache baadaye, cha damu ya Pilipili kilikuwa kimejaa vijidudu vilivyonona. Cha damu ya Shangazi hakikuwa na hata kimoja kilicho hai.

Shangazi alisema hiyo ni njama. Pilipili akacheka kwa pua. Lakini Mkuu alikuwa ameshaipima kwenye mashine damu ambayo Shangazi alitolewa mbele ya macho yake, kabla haijagusa kisahani chochote. Alirudi na jibu, uso umemsawijika.

"Mwanangu, kaa kitako. Damu yako ina dawa ya saratani, ile inayozuia folati isifanye kazi mwilini. Nani anakutibu?"

"Sitibiwi na mtu, mama." Sauti yake ilikuwa bado ya ugomvi. "Nameza vidonge vya folati tu, ili mimba ishike. Na hivyo mume wangu ananiletea mwenyewe kutoka duka lake la dawa, ameshavitoa kwenye pakiti, ananitilia mkononi kila asubuhi."