Ukurasa wa Arobaini na Moja

Vitabu vitano vilisema jambo moja: muhogo mchungu ukilowekwa siku moja, sumu inaisha. Vyote vilitaja tasnifu ya mtu mmoja, Mashauri, ukurasa wa arobaini na moja. Mhadhiri alikuwa amemwambia mwanafunzi wake Tabu waziwazi, "Kaitafute tasnifu yenyewe uisome. Nataka kazi saa sita leo. Ukiniletea maneno ya kuazima, nakufelisha."

Saa tano na nusu mkutubi, Mzee Chiduo, aliitoa stoo akaipuliza vumbi. Tabu akaifungua kwa pupa.

"Taratibu, binti. Hiyo si chapati."

Tabu akasoma, akarudia kwa kidole, kisha akaruka. "Babu, njoo usome hapa! Labda macho yananidanganya."

Mzee akavaa miwani. "'Siku moja haitoshi. Sumu hubaki.'" Akainua uso. "Haitoshi?"

"Haitoshi! Na wote watano wanasema inatosha! Wamenakiliana tu, hakuna aliyeifungua hii!"

"Wale maprofesa?"

"Hao hao!"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akachomoa kadi ya waazimaji kwenye jalada. Miaka thelathini, na haikuwa na jina hata moja. Tabu akaandika lake mstari wa kwanza, akaikumbatia tasnifu, akatoka mbio, kiatu kimoja kikimvuka mlangoni.

Mzee alikuwa bado anatabasamu alipokumbuka ndoo ya muhogo mchungu nyumbani. Mkewe aliuloweka jana, aupike leo mchana. Akapiga simu. Ikaita, ikaendelea kuita, na kwenye kadi wino wa jina lile ulikuwa haujakauka.